Ukame Uliozaa Viumbe Wapya

Hadithi ya leo, wanangu, inaanzia kwenye sufuria.

Mwaka 1991 watafiti wa ndege walikuwa wamepiga kambi katika misitu ya milima ya Udzungwa, kusini mwa Tanzania. Kambi ya porini haina makuu: hema, moto, na kitoweo chochote kilichopatikana. Walipokwisha kula, wakaona chini ya sufuria miguu miwili ya ndege. Kazi ya watu hawa ilikuwa ndege, na miguu ile haikuwa ya kanga wala ya kwale yeyote waliyemjua. Wakaanza kumsaka mwenye miguu akiwa hai, wakampata. Kumbe walikuwa wamemla ndege ambaye hakuna kitabu cha sayansi kilichowahi kumtaja! Mwaka 1994 akatangazwa rasmi kuwa spishi mpya: kwale wa Udzungwa. Kwa wategaji wa huko hakuwa mgeni hata kidogo. Ndiyo maana alikuwa sufuriani.

Kilichowashangaza wataalamu zaidi ni ukoo wake. Ndugu zake wa karibu hawako nyikani Afrika, walikojaa kwale wengine. Wako kwenye misitu ya milima ya Asia, mbali kabisa, ng'ambo ya bahari na majangwa. Na kwale mnamjua, ni ndege wa kutembea. Huparura majani makavu chini ya miti, na akishtushwa huruka kidogo tu kisha akatua. Sasa huyu alifikaje Udzungwa?

Ili tumjibu itabidi turudi nyuma sana, kabla ya Waswahili na kabla ya Wabantu, hata kabla ya mwanadamu wa kwanza kusimama kwa miguu miwili. Tutafuata mvua. Mahali mvua ilipokwenda, msitu ulikwenda. Mahali ilipokatika, msitu ulikatika, na viumbe wakakatwa pamoja nao.

Msitu uliokatika vipande

Mamilioni mengi ya miaka iliyopita dunia ilikuwa na joto zaidi kuliko leo, na Afrika ilikuwa na mvua nyingi. Msitu mkubwa ulienea kutoka pwani ya Atlantiki, ukapita Kongo, ukafika karibu na Bahari ya Hindi. Nyakati fulani misitu ya Afrika na ya Asia ilikaribiana kupitia Uarabuni, mahali ambapo leo ni mchanga mtupu. Kiumbe wa msituni angeweza kusogea kutoka bara moja hadi jingine, kizazi baada ya kizazi, bila kutoka kivulini. Wataalamu wanaona kwamba mababu wa kwale wetu walipita kwa mtindo huo.

Kisha dunia ikaanza kupoa. Haikupoa siku moja wala karne moja. Ilichukua mamilioni ya miaka. Bahari ikipoa hutoa mvuke kidogo, mvuke ukipungua mvua hupungua, na Afrika Mashariki ikakauka. Nyasi zikaingia mahali pa miti. Nyika mnayoiona leo mkisafiri kwa basi kutoka Voi kwenda Mombasa, au kutoka Dodoma kwenda Morogoro, ilianza kuugawa ule msitu mkubwa. Upande wa magharibi ukabaki msitu wa Kongo. Upande wa mashariki msitu ukabaki juu ya milima tu.

Milima hiyo inaitwa Milima ya Tao la Mashariki. Inaanzia Taita, Kenya, ikaingia Tanzania kwa Pare na Usambara, ikafuata Nguu, Nguru, Ukaguru, Uluguru, Rubeho na Mahenge, hadi Udzungwa. Ukiitazama kwenye ramani imepinda kama upinde. Miamba yake ni ya kale mno, imepita miaka milioni 500, na milima yenyewe ni mizee kupita Kilimanjaro, ambayo ni volkano isiyotimiza hata miaka milioni 3.

Kwa nini msitu ulibaki huko na si kwingine? Mwenye kuishi Morogoro anaijua sababu bila kuambiwa. Kiangazi kikali, mji umekauka, vumbi linapanda. Lakini ukiinua macho unaiona Uluguru imejifunika wingu. Upepo unatoka Bahari ya Hindi umebeba unyevu. Ukikutana na mlima hauna pa kupita ila juu, na ukipanda unapoa, unyevu unageuka ukungu na manyunyu. Mimea midogo inayoning'inia kwenye matawi inaunyonya ukungu huo, maji yanadondoka tone kwa tone, yanakuwa kijito, na kijito kinakuwa Mto Ruvu, ambao watu wa Dar es Salaam wanakunywa maji yake. Bahari hiyo haikupoa sana hata dunia ilipokuwa katika baridi kali. Kwa hiyo milima inayoitazama iliendelea kupata ukungu wakati nchi ya chini inakufa kwa kiu.

Basi fikirini. Msitu mmoja umekuwa misitu kumi na kitu, kila mmoja juu ya mlima wake, na katikati yake ni joto na nyasi. Kinyonga wa kivulini hawezi kuvuka nyika ya kilomita hamsini. Chura anayehitaji ngozi mbichi hawezi. Hata ndege mdogo aliyezoea giza la msitu huogopa mwanga wa uwandani. Kila mlima umekuwa kisiwa, na walio juu yake wamebaki na wenzao wachache waliokuwa hapo.

Jinsi ndugu wanavyokuwa wageni

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo spishi mpya inapozaliwa, na haizaliwi kwa kishindo.

Mnajua Kiswahili cha Lamu na Kiswahili cha Unguja. Hakuna mzee wa Lamu aliyeamka asubuhi akaamua kusema Kiamu. Watu walikaa kwao, watoto wakaiga wazazi, neno moja likageuka hapa, sauti moja ikalegea pale, na baada ya karne nyingi msemaji wa upande mmoja anatambulika akifungua kinywa. Laiti pasingekuwa na majahazi na wafanyabiashara wa kuwakutanisha, pengine leo wasingeelewana kabisa.

Kwa viumbe hubadilika vinasaba, yale maagizo madogo ndani ya mwili yanayorithiwa kutoka kwa baba na mama. Kila kizazi hutokea tofauti ndogo. Nyingi hazina maana. Chache zinamsaidia mwenye nazo: rangi inayofanana na gome la mti wa mlima huo, mdomo unaofaa ua la huko, sauti inayosikika vizuri kwenye bonde lile. Mwenye nazo huzaa zaidi na tofauti inaenea. Kwenye mlima wa pili tofauti nyingine inaenea. Zikipita enzi za kutosha bila kuoana, hata mkiwakutanisha leo hawatambuani. Mmoja anaimba, mwenzake hasikii wimbo wa kwao. Hapo tunasema wamekuwa spishi mbili.

Niwape mfano wa ndege. Kuna jamii ya ndege wadogo, ukubwa wa shomoro au kasoro kidogo, wanaokaa chini msituni na kuokota wadudu. Milima ya Usambara Magharibi ina spishi yake, haipatikani kwingine popote duniani. Udzungwa na milima jirani ina yake. Rubeho na Ukaguru ina yake, iliyoandikwa rasmi mwaka 2004 tu. Taita, kilima kidogo kilichotengwa na wenzake kwa tambarare za Tsavo, kina ndege watatu ambao ukiwakosa hapo usiwatafute kwingine. Uluguru ina chozi wake, Udzungwa nayo ina wake.

Tena si ndege pekee. Kuna vinyonga wenye pembe mbili puani, na karibu kila safu ya milima ina aina yake: Taita, Usambara, Nguru, Uluguru. Mwaka 2008 aliandikwa sange mkubwa wa Udzungwa, mnyama mwenye pua ndefu inayochezacheza, uso wa kijivu na matako meusi, aliyejulikana baada ya kamera iliyofungwa mtini kumpiga picha akipita. Miaka mitatu kabla yake alitangazwa kipunji, nyani mwenye nywele za kichwani zilizosimama, ambaye Wanyakyusa walikuwa wakimtaja kwa jina muda wote huo. Anaishi maeneo mawili tu: Rungwe na Kitulo upande mmoja, msitu wa Ndundulu katika Udzungwa upande mwingine. Kati ya jamaa hao wawili kuna mamia ya kilomita na hawana njia ya kukutana. Mkitaka kuona kutengana kunavyoanza, hao hapo.

Bahari iliposhuka

Pengine mmoja wenu anajiuliza: hali ya hewa ilikauka mara moja ikabaki hivyo? La. Ilikuwa inakwenda na kurudi.

Dunia inalizunguka jua, lakini njia yake haikai sawasawa. Mara inakuwa duara zaidi, mara inachongoka kidogo. Mhimili wa dunia nao unainama na kuyumba polepole. Mizunguko hiyo inachukua makumi ya maelfu ya miaka, na inabadilisha kiasi cha jua kinachofika kaskazini ya dunia. Jua la kiangazi likipungua huko, theluji haiyeyuki yote. Inarundikana mwaka hadi mwaka mpaka inakuwa barafu nene. Enzi ya barafu ya mwisho ilifikia kilele miaka 21,000 hivi iliyopita. Karibu Kanada yote ilikuwa chini ya barafu ambayo mahali pengine unene wake ulifika kilomita tatu, na sehemu kubwa ya kaskazini mwa Ulaya vilevile.

Maji ya barafu hiyo yalitoka baharini. Kwa hiyo bahari ilishuka, mita 120 hivi chini ya ilipo leo. Hebu simameni ufukweni Bagamoyo mkiyatazama maji, kisha muyaondoe mpaka chini. Mtaona nini? Nchi kavu, kutoka Bagamoyo hadi Unguja.

Naam, Unguja ilikuwa sehemu ya bara. Mkono wa bahari unaoitenganisha na bara una kina cha makumi ya mita tu, ukakauka wote. Ushahidi umo katika Pango la Kuumbi, karibu na Jambiani. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta humo mifupa ya pundamilia na nyati. Wanyama hao hawakuogelea kwenda Unguja. Walitembea wakila majani. Barafu ilipoyeyuka bahari ikapanda, njia ikafungwa, na waliobaki kisiwani wakabaki. Pundamilia na nyati wakaisha, kwa kuwa kisiwa kidogo hakiwezi kulisha makundi makubwa milele. Kima punju wa Jozani, mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe kuzunguka uso, akaendelea. Leo huko bara hayupo porini hata mmoja. Nje ya Unguja wapo wachache tu waliopelekwa Pemba na watu.

Na Pemba je? Bahari kati yake na bara ina kina cha mita mia kadhaa. Ikishuka mita 120, bado ni bahari. Pundamilia hakufika. Kwa muda mrefu mno Pemba imekuwa ya peke yake, na viumbe wake wanaonyesha hivyo. Ina bundi wake mdogo, njiwa wake wa kijani na chozi wake. Tena ina popo wa Pemba, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa yanapita mita moja na nusu. Nendeni Kidike mchana mtamkuta amening'inia mtini, manyoya ya rangi ya kahawia inayong'aa kwa wekundu, amejifunga mabawa. Ndugu zake hawako Tanga wala Mombasa. Wako Komoro, Madagaska na Asia. Walifika kwa kuruka, kisiwa kwa kisiwa.

Visiwa viwili, bahari moja, hali ya hewa moja. Kilichotofautisha hadithi zao ni kina cha maji.

Kitabu cha matope

Milimani nako enzi ya barafu iliacha habari zake, na kuna watu wanaozisoma.

Juu ya Uluguru, kwenye uwanda wa Lukwangule, kiasi cha mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, kuna kinamasi kinachoitwa Deva-Deva. Watafiti hushindilia bomba refu ndani ya tope, wakalivuta likatoka na tope limekaa kwa matabaka: la juu la juzi, la chini la zamani. Kila tabaka lina chavua, ule unga wa maua unaopeperushwa na upepo. Chavua ni ngumu ajabu, haiozi upesi kwenye tope lisilo na hewa, na ya kila mti ina umbo lake. Mtu anakaa mbele ya hadubini siku nzima akihesabu: hii ya nyasi, hii ya mti wa mlimani, hii ya mbarika. Tabaka kwa tabaka anajua jirani za kinamasi kile walikuwa akina nani.

Matope ya Deva-Deva yanarudi nyuma kiasi cha miaka 48,000, maana yake yanakivuka kilele chote cha enzi ya barafu ya mwisho. Wengi wangedhani kwamba penye ukame ule mkubwa chavua ya miti ingetoweka. Haikutoweka. Miti mingine ilipungua, mingine ikaongezeka, lakini msitu wa mlimani ulikuwepo muda wote. Ukungu wa Bahari ya Hindi haukuuacha.

Hiyo ndiyo siri ya Tao la Mashariki. Viumbe wa kale hawakufutika, kwa hiyo wazee wapo: kuna koo za vinyonga ambazo vinasaba vyao vinaonyesha ziliachana mamilioni mengi ya miaka kabla ya barafu hiyo. Tena kila baridi na ukame vilipokuja na kuondoka, misitu ilitanuka ikakaribiana, kisha ikanywea ikaachana, na kila kuachana kulizaa wajukuu wapya. Mwingereza Reginald Moreau, aliyefanya kazi Amani katika Usambara Mashariki kuanzia mwaka 1928, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuwatazama ndege wa milima hii na kusema: haya hayaelezeki bila kujua hali ya hewa ya zamani. Alikuwa na ndege mkononi tu, bila vinasaba wala chavua, na bado alilenga shabaha.

Ziwa lililokauka

Mpaka hapa mtasema: basi viumbe wapya hutokea pale hali ya hewa ilipokuwa na huruma. Ngojeni niwapeleke Mwanza.

Ziwa Victoria ni pana kuliko yote Afrika, lakini si la kina. Mahali pake pa chini kabisa ni mita 80 hivi, ilhali Tanganyika inapita mita 1,400. Ziwa pana lisilo na kina ni rahisi kukauka. Na lilikauka. Chini ya matope laini ya leo, wataalamu wamekuta tabaka la udongo mgumu lenye dalili za mizizi ya nyasi. Miaka kati ya 17,000 na 15,000 iliyopita, pale panapopita meli ya Bukoba leo, palikuwa na majani. Kisha mvua zikarudi, mito ikatiririka, ziwa likajaa upya.

Sasa hesabuni. Katika ziwa hilo wameishi furu, samaki wadogo ambao kila mvuvi wa Kanda ya Ziwa anawajua, na spishi zao zimepita 500. Wengi wao hawapo mahali pengine duniani. Maana yake wametokea ndani ya miaka 15,000 hivi, muda ambao kwenye saa ya dunia ni kama hakuna.

Iliwezekanaje? Kwanza, mababu zao walikuwa machotara. Zamani, miaka 150,000 hivi iliyopita, furu wa upande wa Kongo na furu wa upande wa Nile walikutana wakazaana, na watoto wakarithi vinasaba vya aina nyingi. Pili, ziwa lilipojaa lilikuwa tupu. Kazi zote zilikuwa wazi. Kulikuwa na konokono wasio na wa kuwavunja, ukijani kwenye mawe usio na wa kuukwangua, wadudu, mayai, na samaki wadogo wa kuliwa. Kila kundi likashika riziki yake, na meno na taya zikafuata riziki hiyo.

Tatu, rangi. Karibu na visiwa vya mawe vya Ghuba ya Mwanza wako furu wawili wanaofanana sana kwa umbo. Dume wa mmoja ana rangi ya bluu na anakaa karibu na uso wa maji. Dume wa pili ana mgongo mwekundu na anakaa chini kidogo. Wanasayansi walimpa jina la kumuenzi Mwalimu Nyerere. Kwenye maji yale mwanga wa bluu hauendi mbali, unaoshuka chini ni wa wekundu zaidi. Macho ya samaki wa chini yamezoea wekundu, na majike wa huko huwachagua madume wekundu. Wa juu huwachagua wa bluu. Hakuna mlima wala bahari kati yao, mita chache tu za maji, na bado wamekuwa spishi mbili.

Lakini pale ambapo maji yamechafuka kwa matope na taka za shambani na mjini, rangi hazionekani. Jike haoni tena tofauti, anaoana na yeyote, na spishi mbili zinarudi kuwa moja. Kilichojengwa kwa maelfu ya miaka kinavunjwa na maji machafu ya miongo michache.

Muda na mahali pa kujificha

Basi tujumlishe, wanangu. Enzi ileile ya barafu, pamoja na ukame wake, ilifanya mambo matatu tofauti. Milimani ilitenga. Pwani, kwa kuishusha bahari, iliunganisha. Ziwani ilifuta, na mvua zilizofuata zikafungua ukumbi mtupu. Katika kila mahali waliosalimika walikuwa na vitu viwili: mahali pa kujificha mpaka dhiki ipite, na muda wa kutosha wa kubadilika. Waliokosa kimoja, kama pundamilia wa Unguja, tunawajua kwa mifupa.

Nawaambia hivyo kwa sababu kuna watu watakaowaambia: "Hali ya hewa imekuwa ikibadilika siku zote, viumbe watazoea tu." Kauli ya kwanza ni kweli, nimekesha nikiwaeleza. Ya pili haifuati. Kutoka kilele cha enzi ya barafu hadi joto la kawaida la enzi yetu, dunia ilipanda digrii tano au sita kwa kadiri ya miaka 10,000. Sisi tumeiongezea zaidi ya digrii moja kwa karne moja na nusu, kwa kuchoma mafuta, makaa ya mawe na misitu. Muda umefupishwa mno.

Mahali pa kujificha napo tunapaondoa. Mmesikia habari za chura wa Kihansi? Aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la Mto Kihansi, ukingoni mwa Udzungwa. Ni mdogo, anakaa juu ya kidole gumba bila kujibana, rangi yake ni ya dhahabu, na hatagi mayai: anazaa watoto hai, vyura kamili. Dunia yake yote ilikuwa hekta chache za majani yaliyoloweshwa mchana na usiku na manyunyu ya maporomoko. Manyunyu hayo ndiyo yaliyomlinda ukame ulipokuja na kwenda. Kisha likajengwa bwawa la umeme na sehemu kubwa ya maji ikapelekwa kwenye mitambo. Majani yakakauka. Vikafungwa vinyunyizio vya mabomba, lakini ugonjwa wa kuvu ukaingia, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Bahati yake, mamia kadhaa walikuwa wamechukuliwa mapema kwenda Marekani na wakazaliana kwenye bustani za wanyama za New York na Toledo. Tangu mwaka 2012 wamekuwa wakirudishwa Kihansi kujaribu tena maisha.

Na umeme tunauhitaji, sitawadanganya. Mimi pia nawasha taa. Iliki, mahindi na kuni tunavihitaji. Ndiyo maana kazi ya kweli iko kwenye kupanga, na kuna wanaoifanya. Usambara Mashariki, msitu wa Derema, ambao chini ya miti yake watu walilima iliki, ulitengwa ili uunganishe misitu ya pande mbili. Wakulima walilipwa fidia, ingawa si wote walioridhika nayo. Taita wanapanda miti ya asili kati ya vipande vya msitu ili ndege wale watatu wapate pa kupita. Joto likizidi kupanda, mnyama wa mlimani hukimbilia juu. Akifika kileleni hana pengine pa kwenda, isipokuwa kama msitu unamfikisha kwenye mlima mrefu zaidi.

Kwa hiyo mkisikia katika kijiji au wilaya yenu kwamba kuna mjadala wa kukata kipande cha msitu kati ya misitu miwili, ulizeni swali moja kabla ya hesabu ya magunia: wanaopita hapa wakati wa kiangazi ni akina nani, na tukipafunga watapita wapi? Ulizeni wazee, ulizeni wategaji, ulizeni na mwalimu wa bayolojia. Wategaji wa Udzungwa walimjua kwale yule kabla ya vitabu vyote, na huenda kwenu yuko mwingine ambaye bado hajaulizwa habari zake.